Aliyemuuza Ujli

Merta, 10 Novemba 2002

Kheta,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitabaki.

Rukma muuza bangili amerudi jana kutoka Pushkar. Alikuja kumwona mtoto, akaketi kitandani pangu, akanywa vikombe viwili vya chai yangu, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kujifanya hajui anachokisema: "Hema la baba yako nimeliona kule mchangani. Na yule ngamia jike wenu mweupe, lo, amenyolewa nakshi za maua ubavu mzima! Atapata bei."

Nilimwambia amekosea. Akaapa kwa macho yake yote mawili. Akataja alama ya ukoo wetu shavuni, akataja sikio la kushoto lililochanika. Kheta, mwenye sikio la namna hiyo ni mmoja tu katika kundi zima, na si wa baba wala si wako. Ni wangu. Baba aliniwekea kamba ya Ujli mkononi siku ya harusi yangu, mbele ya watu. Amebaki kundini kwa sababu mume wangu ni mtu wa reli, na hapa Merta tuna vyumba viwili na bomba moja la maji. Kila anachozaa ni changu. Ndama wa mwakani nimeshamwekea Sugni, ambaye ana siku kumi na tisa duniani na hajamwona hata mjomba wake.

Sasa nieleze. Ngamia wa kubeba matandiko na masufuria hanyolewi maua. Anayenyolewa maua ni wa kuuzwa. Tangu lini sisi Waraika tukapeleka jike mnadani? Dume sawa, dume anazaliwa aondoke. Jike hauzwi, na hilo analijua hata mtoto wa ukoo wetu anayetambaa. Baba mwenyewe, akiwa mmoja wa wazee watano wa baraza, alimtenga mjomba Jetha kwa kuuza jike mmoja tu. Ndugu wa mama yetu! Alikufa miaka miwili baadaye bila mtu wa kumpa kiko avute. Umesahau?

Ningekuja mwenyewe, lakini sijamaliza arobaini yangu, na mama mkwe analinda mlango huu kuliko askari wa stesheni. Nampa kondakta wa basi barua hii aifikishe kwenye nyumba ya wageni ya jamii yetu. Usimwambie baba kwamba nimekasirika. Ametembea siku kumi, na ukame wa mwaka huu umemzeesha. Jambo hili ni la wewe na mimi.

Salamu zimekwisha.

Dada yako,
Hanja


Pushkar, 12 Novemba 2002

Dada Hanja,

Shikamoo. Barua nimeipata, imekunjwa vizuri sana kwa kitu chenye makali kiasi kile. Mwambie Rukma kwamba zile bangili alizomuuzia mke wangu zimevunjika zote, na mdomo wake ungevunjika hivyo tungepumzika.

Ndiyo, Ujli yuko hapa. Ulitaka tumwache wapi? Nyumbani hakuna jani. Miti tumeikata matawi mpaka imebaki magogo. Tangu mvua ikatae kunyesha tumezika ngamia wanne, na waliobaki mbavu zao unazihesabu ukiwa umesimama mbali. Kunyolewa, ni baba aliyeshika mkasi. Alisema mikono inamwasha kwa kukaa bure.

Na kweli tunakaa bure. Tumeleta madume kumi na moja, wiki nzima hakuna aliyeuliza bei. Mkulima siku hizi ana trekta. Mzungu mmoja alimpa baba rupia hamsini ili apigwe picha na dume letu kubwa, na hiyo ndiyo biashara tuliyofanya. Wanaokuja kwa kununua ni wanaume wenye viatu vya kamba, wanawapita madume bila kuwatupia jicho, wanauliza swali moja tu: "Majike mnayo?" Baba anawafukuza kwa fimbo. Asubuhi anawafukuza, mchana wanarudi. Jana hakuinua fimbo tena, nadhani mkono umechoka.

Huko ziwani watu wanazidi kumiminika kwa ajili ya kuoga siku ya mwezi mpevu. Nyimbo usiku kucha, mtu hapati usingizi. Baba anakusalimu na anamwombea mjukuu wake afya.

Wewe nawe kasirika polepole, maziwa yasije yakakauka.

Mdogo wako,
Kheta


Pushkar, 14 Novemba 2002

Dada,

Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana.

Ujli ameuzwa jana mchana. Nimemuuza mimi.

Mnunuzi alisema kwao ni Nagaur na anamtaka wa kuzalisha. Aliteremka ngazi mpaka ziwani, akateka maji kwa kiganja, akaapa kwa mungu Brahma na kwa maji hayo kwamba kisu hakitamgusa. Mtu ameshika maji ya Pushkar, mwezi wenyewe ni Kartiki mtukufu, ungetaka adaiwe nini tena, hati ya mahakama? Pesa imenunua lori moja la majani makavu. Walio nyumbani watakula mpaka mwezi wa pili.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nitukane mimi, niko tayari, lakini baba usimwandikie. Hali wala hasemi.

Kheta


Merta, 15 Novemba 2002

Wewe,

Jina lako silitaji leo, kinywa changu kiko karibu na mtoto ninayemnyonyesha.

Nagaur! Mume wangu Bhoma ameuliza kwa watu wake wa barabarani. Jana alfajiri lori lilisimama kujaza mafuta njia ya Kishangarh, limefunikwa turubai. Ndani majike tisa, wamefungwa miguu, wamelazwa kwa ubavu mmoja juu ya mwingine. Mmoja mweupe, ana maua ubavuni, sikio limechanika. Dereva alikuwa akinywa chai na kusema bila aibu kwamba anawapeleka machinjioni, mbele kabisa ya Jaipur. Kishangarh iko mashariki, msomi wangu. Tangu lini mtu akaenda Nagaur kwa kupitia mashariki?

Ulijua. Usiniambie habari za kiganja na maji. Wale wenye viatu vya kamba uliniandikia wewe mwenyewe, siku moja kabla, na ukaandika wanataka nini. Nani amewahi kununua jike ili amfunge kwenye mkokoteni? Ulijua, ukaenda kumtafuta mtu wa kukuapia ili upate usingizi wako.

Na kwa nini Ujli? Majike wenu wako thelathini na sita. Mkono wako ukamwangukia wa mwanamke aliyelala kitandani maili arobaini kutoka hapo, ambaye hawezi kusimama katikati ya mnada na kukushika shati. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, kwa kijiti, mchangani, nyuma ya kundi. Ningejua ungetumia kuandika kunidanganya, ningekivunja kile kijiti.

Kwa hiyo nimefanya linalowezekana kitandani. Nimewaandikia wazee wa baraza, hapo hapo kwenye nyumba ya wageni, nikataja ngamia, lori, mnunuzi na wewe, hata kile kijiti. Najua baba ni mmoja wao, na roho inaniuma kumfikishia haya. Lakini baba hajawahi kupindisha hukumu kwa ajili ya damu. Alimtenga Jetha, na wewe atajua la kukufanya.

Hanja


Pushkar, 16 Novemba 2002

Dada Hanja,

Hongera. Kazi imefanyika.

Baraza lilikaa leo asubuhi uani. Karani aliisoma barua yako yote kwa sauti, mpaka pale pa kijiti, na watu walitikisa vichwa. Mzee Goma aliniuliza: "Kijana, jike ameuzwa?" Nikasema ameuzwa. "Na wewe ndiye uliyemuuza?" Nikasema ni mimi. Wakageuka wote wanne kumtazama baba.

 Baba akasimama akasema yale maneno: "Asipewe maji, asipewe kiko, na atakayempa awe kama yeye." Aliyasema taratibu, akitazama chini. Wakamwuliza muda gani. Akasema mwaka mmoja, hadi Kartiki ijayo. Mzee Goma alitaka mitatu, ila wengine wakasema mzazi ni mzazi, wakamhurumia.

Basi nakupa habari za mwaka wangu. Mke wangu hatachota kisimani watu wakiwapo. Msibani sitakaribishwa, harusini sitaitwa. Wakwe wa Dakhu hawakusubiri hata jua lizame: wametuma mtu kurudisha nazi ya uchumba. Ameiweka chini mbele ya hema, akaondoka. Binti yangu ana miaka kumi na saba, dada. Alikuwa ameshashona sketi yake ya harusi.

Sikujitetea na sitajitetea kwako. Ila siku moja kaa na ile akili yako kubwa uiulize maswali. Unaijua mila yetu ya mnada tangu utotoni, ulikuwa ukikaa mgongoni kwa baba ukitazama. Ukimaliza kufurahi, kumbuka ulichokuwa ukikiona.

Kheta


Merta, 17 Novemba 2002

Kheta,

Sikufurahi. Habari ya Dakhu imenitoa machozi mbele ya mama mkwe, na unajua ninavyochukia kulia mbele yake.

Lakini sitafuta hata herufi moja. Mtu amesimama mbele ya watu akamhukumu mwanawe wa kuzaa, akiwa na miaka sabini na mbili na njaa tumboni. Ungekuwa na robo ya moyo ule, Ujli angekuwa anatafuna majani sasa hivi. Mafumbo yako ya mnada sina muda nayo. Mpelekee baba shikamoo yangu na umwambie ninajivunia kuwa mwanawe.

Hanja


Pushkar, kwenye ngazi za ziwa, 17 Novemba 2002

Kwa binti yangu Hanja, Merta.

Anayeandika ni mtu anayewaandikia mahujaji barua hapa ngazini. Simjui wala hanijui, ndiyo maana nimemchagua.

Hanja mama, Ujli nimemuuza mimi. Kheta alikuwa amekwenda kutafuta maji. Yule mtu alikuja mara ya nne, na mara ile sikuinua fimbo. Nilikuwa nimewaona wale ngamia wengine wakila mchanga, mama. Walikuwa wanakula mchanga. Nilimpa mkono, tukafunika kitambaa, tukahesabiana bei kwa vidole kama nilivyofanya maisha yangu yote, kisha nikamwambia aape. Tukateremka ziwani, akaapa. Nimeona watu wakiapa kwa maji haya tangu nilipokuwa mtoto, na sijamwona aliyethubutu kusema uongo akiwa nayo mkononi. Nilitazama maji, sikumtazama mtu.

Nilimchagua Ujli kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na nyama ya kutosha kuvutia bei. Nilikuwa nikimpa sehemu yangu ya majani, kwa kuwa ni wako.

Alfajiri yake nilikwenda kumtafuta yule mtu nimwambie kwamba Ujli hapigi magoti kwa mgeni mpaka aguswe goti la kulia. Nikamkuta barabarani, na lori. Nilichokiona wewe umeshaambiwa. Nilimwita, akageuza shingo. Niliporudi, Kheta akasema: "Nyamaza, baba. Wewe ni baraza, mimi ni mtu tu. Nimemuuza mimi." Nikanyamaza. Kisha barua yako ikasomwa, wakanitazama, nikasimama nikayasema yale maneno. Yalitoka yenyewe, nimeyasema mara nyingi.

Ninakuomba mambo mawili. La kwanza, uichome barua hii. Mwaka mmoja ni mfupi na Kheta ni kijana, binti atapata mchumba mwingine. Mimi niacheni nife na kilemba changu kichwani. La pili, keshokutwa ni mwezi mpevu na nataka kuingia ziwani. Siwezi kuoga na hili kifuani. Nisamehe kwanza, mama, ndipo nioge.

Baba yako, Lumbaram. Hiki ni kidole gumba changu.

(Mimi mwandishi naongeza la kwangu: mzee alitaka nifute sehemu ya baraza baada ya kumsomea. Sikuifuta. Amelipia barua nzima, atapata nzima.)


Merta, 18 Novemba 2002

Baba,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya mwisho nikiwa nimesimama, kwa sababu nilishindwa kukaa. Bhoma ataisoma hii kwako faraghani kwanza, neno kwa neno. Nimemwapisha.

Kwanza nijihukumu mwenyewe. Tangu lini Kheta akatia mkono chini ya kitambaa wewe ukiwa hai? Hajawahi. Hata dume kilema hajawahi kuuza. Nilikuwa nikikaa mgongoni kwako nikiona ni mkono wa nani unaoingia, na bado nikaandika jina lake, kwa sababu kalamu yangu haikuthubutu kuandika la kwako. Hilo nitalibeba.

Sasa wewe. Kumuuza Ujli nimekusamehe, leo hii, bila masharti. Wanyama walikuwa wanakula mchanga, na mtu alishika maji ya ziwa. Hata mimi ningeamini. Ungeniandikia hivyo siku ile ile ningelia, ningekutukana moyoni, yangekwisha.

Lakini ulisimama, baba! Ulisimama na kilemba chako ukamkatia maji mwanao kwa kosa la mkono wako, kisha ukakubali wakuhurumie. Na sasa unataka kuoga. Mama alikaa miaka minane bila kumtaja kaka yake Jetha ndani ya nyumba yako. Jetha naye alisema watoto wake walikuwa na njaa, nilimsikia, nilikuwa pale. Ulimjibu kwamba njaa si hoja. Waliosema mkuki kwa nguruwe mtamu walikuwa wanakuzungumzia wewe. "Binti atapata mchumba mwingine!" Umelisema kwa mgeni, akaliandika, ukatia kidole gumba.

Barua yako sitaichoma. Bhoma anapanda basi la kwanza kesho akiwa nayo. Nimemkataza kuwapa wazee. Ataiweka mkononi mwako wewe ukiwa umeketi kati yao, kabla hawajatawanyika. Kusoma hujui. Kwa hiyo utawaambia mwenyewe kilichomo, au utampa karani aisome, au utaikunja uitie kilembani uondoke nayo. Ukiondoka nayo, mimi sitamwambia mtu. Ila usije kumwona Sugni.

Hanja


Njiani, karibu na Sojat, 23 Novemba 2002

Dada Hanja,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea tandiko, kalamu haina wino wa kutosha, basi nitakwenda moja kwa moja.

Bhoma alifika. Baba hakuwa ameoga. Watu laki na zaidi waliingia ziwani asubuhi ile, yeye alikaa ngazini na nguo zake kavu. Alipopewa karatasi aliigeuza mbele na nyuma, akaijua kwa kidole chake. Wazee walikuwa wanacheka jambo fulani. Akavua kilemba, akakiweka chini miguuni pao, akawaambia yote. Alitumia maneno machache kuliko unavyodhani.

Hakuna aliyetaka kutoa hukumu. Mzee Goma alijifuta macho, mwingine akasema tulizungumze mwakani. Baba akasema: "Ninyi hamyajui maneno? Basi ngojeni." Akajihukumu mwenyewe, pale pale, kichwa wazi. Asipewe maji, asipewe kiko, na atakayempa awe kama yeye. Miaka mitatu. Kisha mimi wakanipa kiko, nikavuta, na jioni nazi ya Dakhu ikarudi na sahani ya vitamu. Umefanya haki, dada. Sikatai, na sitaki useme kwamba nilikataa.

Sasa nikueleze haki yako inavyotembea. Tuko familia tano njiani, na baba yuko nyuma yetu, hatua mia mbili, anakula vumbi letu. Kilemba hakukirudisha kichwani. Siku ya kwanza alikunywa chupa yake. Siku ya pili ikaisha. Visima vya huku vimekauka, maji ni ya kuomba vijijini, na habari inatutangulia: wanawake wanamtazama, wanafunika mitungi. Jana usiku nilimwachia mtungi karibu na mahali alipolala, kama mtu aliyesahau. Asubuhi niliukuta umejaa vile vile. Anaijua sheria kuliko sisi sote, ameitunga nusu yake.

Leo saa sita alikaa chini katikati ya njia. Hakuita. Msafara ukasimama, watu hamsini na ngamia wao, kila mtu akamtazama mwenziwe. Mjukuu wake alikuwa pale, Dakhu wangu. Mke wangu alinishika mkono akaninong'oneza, "Nazi, Kheta. Nazi ina siku nne tu." Nikamwambia najua.

Nikarudi nyuma. Nilipomwinua kichwa alifunga mdomo akageukia upande, akasema, "Mfikirie mtoto, mpumbavu wewe." Nikamshika taya, kama tunavyomnywesha ndama anayekataa, nikamimina mpaka kibuyu kikaisha. Alikunywa huku akinitukana. Wote waliona.

Msafara umeshaondoka. Tumebaki mimi, mke wangu ambaye hasemi nami, Dakhu, baba na ngamia wetu. Barua hii nitampa mtu wa basi kesho. Ukiipata chukua ile kalamu yako nyepesi, uwaandikie wazee kwamba Lumbaram amepewa maji. Andika na aliyempa. Safari hii hutakosea jina.

Mdogo wako,
Kheta